Jamii Inaishia Wapi? Sosholojia Ikitazamwa Kutoka Kigoma

Sosholojia ni taaluma inayojitambulisha kwa kuichunguza jamii, lakini kwa zaidi ya karne moja imefanya kazi hiyo bila kulazimika kueleza jamii moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mwanafunzi wa chuo husoma habari za jamii ya Tanzania, jamii ya Burundi na jamii ya Ufaransa, wala hakuna anayemsimamisha kumwuliza ni nani aliyeiweka mipaka hiyo, kwa kuwa jibu linaonekana dhahiri: ni mipaka ya nchi. Tangu miaka ya 1990, utandawazi ulipoingia katika hotuba za viongozi na katika mitaala, kundi la wanasosholojia wa Ulaya limekuwa likidai kwamba dhana hiyo imepitwa na wakati, kwamba watu, fedha, bidhaa na picha vinavuka mipaka kwa wingi kiasi kwamba hakijabaki kitu kinachostahili kuitwa jamii kwa maana ya zamani. Mjadala huo umetufikia, na mara nyingi tunaufundisha kama ulivyotufikia. Ninavyoona mimi, pande zote mbili, ule unaoishikilia dhana ya zamani na ule unaotaka izikwe, zimeichukua historia ya Ulaya Magharibi zikaifanya historia ya dunia, na mahali kama Kigoma panatosha kuionyesha kasoro hiyo.

Tuanze na chimbuko. Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Épinal, Lorraine, mashariki mwa Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 12 majeshi ya Prussia yaliuteka mji huo, na kwa mkataba wa mwaka 1871 karibu Alsace yote na sehemu ya Lorraine zikachukuliwa na Ujerumani. Épinal ilibaki Ufaransa, ila sasa ikawa jirani na mpaka mpya. Mtu huyu, ambaye utotoni aliuona mpaka ukihamishwa, ndiye aliyekuja kuandika kwa nguvu kuliko wote kwamba jamii ni kitu kamili chenye uhai wake, kinachowatangulia watu binafsi na kuwalazimisha. Sidhani kwamba ni sadfa. Jamhuri ya Tatu ya Ufaransa, iliyozaliwa katika kushindwa huko, ilikuwa ikitafuta kitu cha kuwaunganisha raia baada ya mfalme na Kanisa, na sheria za shule za mwaka 1881 na 1882 zilizofanya elimu ya msingi kuwa ya bure, ya lazima na isiyo ya kidini zilikuwa sehemu ya utafutaji huo. Durkheim alipoajiriwa Bordeaux mwaka 1887, kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha walimu wa shule hizo. Kwa hiyo jamii aliyoieleza kwa lugha ya sayansi ilikuwa vilevile jamii aliyotumwa kusaidia kuijenga.

Kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi. Katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1897 kuhusu kujiua, Durkheim alitumia takwimu, na takwimu hizo zilikuwa zimekusanywa na dola, kila moja ndani ya mamlaka yake. Anayehesabu ndiye anayeamua mipaka ya kinachohesabiwa. Tangu hapo sosholojia imekula kutoka jikoni mwa serikali: sensa, takwimu za ndoa, za uhalifu, za ajira, zote zikija zikiwa zimekwisha kufungwa kwa nchi, na taaluma ikazoea kuita furushi hilo jamii.

Hata Ulaya kwenyewe hawakukubaliana wote. Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliona kwamba jamii ni jina tu la mahusiano yanayoendelea kufanyika kati ya watu, na Mjerumani mwenzake Max Weber alikwepa kwa makusudi kuitumia dhana hiyo kana kwamba ni kitu kilichosimama chenyewe. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili ushindi ulikuwa wa mkondo mwingine. Talcott Parsons wa Marekani alichapisha mwaka 1951 nadharia yake ya mfumo wa jamii, yenye sehemu zinazotegemeana na kujirekebisha, na mfumo huo, ingawa hakuutaja hivyo, ulifanana sana na nchi yake.

Dhana hiyo ndiyo iliyotufikia wakati wa uhuru. Nchi mpya zilihitaji mipango ya maendeleo, na wataalamu wa usasa walikuwa na kipimo tayari: kila nchi ni jamii moja, kila jamii inapanda ngazi ileile, na aliye nyuma yuko nyuma kwa sababu ya mambo yaliyo ndani yake. Upinzani mkali dhidi ya fikra hiyo ulitoka karibu na sisi. Mwanahistoria Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1972 kwamba umaskini wa Afrika hauelezeki kwa kuitazama Afrika peke yake. Miaka miwili baadaye Immanuel Wallerstein, ambaye alianza kazi yake kama mtafiti wa siasa za Afrika, akasema kinachopaswa kuchunguzwa ni mfumo wa dunia, kwa kuwa nchi mojamoja ni vipande vyake. Mwanaanthropolojia Archie Mafeje, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1971 kwamba hata kabila, lile ambalo wageni walilidhani kuwa jamii asilia ya Mwafrika, kwa kiasi kikubwa lilikuwa miwani ya mtawala wa kikoloni.

Habari ya mtandao nayo ina mizizi huku. Leo mwanafunzi akisikia kwamba jamii imegeuka kuwa mitandao, atatajiwa mwanasosholojia Manuel Castells na kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu jamii ya mtandao. Lakini miaka 40 kabla ya hapo, watafiti wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937 katika Zambia ya leo, walikuwa wamekwisha kuona kwamba mchimbaji wa Kopabelti, ukanda wa migodi ya shaba, haelezeki kwa kabila alilotoka wala kwa mji alioishi. Mmoja wao, Clyde Mitchell, aliichambua mwaka 1956 Kalela, ngoma ya miji hiyo ya migodi, na Kalela yenyewe ina undugu na beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Waswahili ikasafiri na askari na vibarua hadi bara, pamoja na vyama vyake vilivyoshindana vya Marini na Arinoti. John Barnes, aliyepitia taasisi hiyohiyo, alilitumia wazo la mtandao wa kijamii mwaka 1954 alipoandika kuhusu wavuvi wa kisiwa kimoja cha Norway. Kumbe wazo tunaloletewa kama zao la kompyuta lilipevuka katika migodi, kwenye ngoma na kwenye mashua.

Sasa tuje Kigoma. Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikichemshwa na kusambazwa kuzunguka ziwa karne nyingi kabla ya dola lolote la kisasa kufika. Falme za Buha, yaani nchi ya Waha, kama Heru, Muhambwe na Buyungu, zilikuwa na mahusiano na tawala za Burundi ya leo, na hadi sasa Mha na Mrundi husikilizana kila mmoja akisema lugha yake. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilifika Ujiji, ikibebwa kwa mabega ya wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na kutoka ng'ambo ya ziwa wakaja watu wa Manyema, wengine kama watumwa, wengine kama wafuasi wa wafanyabiashara, wakawa wenyeji wa Ujiji, Waislamu wenye Kiswahili chao. Mji huo ulikuwa na watu kutoka Zanzibar hadi Mto Lualaba kabla ya kuwapo nchi ambayo ungeweza kuitwa mji wake wa mpakani.

Mpaka ulikuja baadaye, na ulikuja kwa vishindo visivyo na mpangilio. Wajerumani waliifikisha reli Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo wakaleta vipande vya meli iliyoundwa Papenburg, ile tunayoijua leo kwa jina la Liemba. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, na baadaye Tabora, na Buha ikatawaliwa kutoka upande wao hadi mwaka 1921. Walipoondoka walijiachia haki ya kudumu ya eneo la bandari hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranka moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) ipite. Serikali ya Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961 ilikataa kufungwa na mkataba huo. Katika miaka hiyo ya ukoloni wanaume wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kiasi kwamba kulikuwa na familia ambazo baba alikuwa karibu na Bahari ya Hindi huku mashamba yakilimwa na mama jirani na Mto Malagarasi. Atakayeitafuta hapa jamii ya kitaifa iliyofungwa, ambayo utandawazi wa miaka ya 1990 ulikuja kuifungua, hataipata katika mwaka wowote.

Hapo ndipo hoja ya wanaotangaza mwisho wa jamii inapoyumba. Ulrich Beck aliwalaumu wenzake kwa kuitazama jamii kama kontena la dola, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Andreas Wimmer na Nina Glick Schiller waliipanua mwaka 2002 kwa kuonyesha jinsi mazoea hayo, ambayo tunaweza kuyaita utaifa wa kimbinu, yalivyopotosha utafiti wa uhamaji. John Urry alikwenda mbali zaidi mwaka 2000 akipendekeza sosholojia iache jamii na ichunguze mwendo: wa watu, vitu, habari na taka. Ninawaheshimu wote, lakini wanasimulia hadithi yenye kabla na baada. Kabla, kulikuwa na jamii zilizofungwa ndani ya mataifa. Baada, kuna mwendo usiozuilika. Kwa Mfaransa au Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1945 huenda hadithi hiyo inalingana na maisha yake, mradi asahau makoloni. Kwa mtu wa ukanda huu mwendo ndio uliotangulia, na kufungwa ndiko kunakoongezeka.

Ninasema kunakoongezeka kwa makusudi. Chukua utafiti ambao kila mwanafunzi wa sosholojia wa mkoa huu angepaswa kuusoma, wa mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya kazi katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995. Aliwafuatilia Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, akalinganisha makundi mawili: waliowekwa katika makazi ya Mishamo, ambayo leo yako mkoa wa Katavi, na waliojichanganya katika mji wa Kigoma. Wa Mishamo, waliotengwa na kusimamiwa, walikuwa wamejijengea historia moja ndefu ya taifa lao la Wahutu, yenye maadui, mateso na ahadi ya kurejea. Ukimbizi kwao ulikuwa hadhi iliyowaweka pamoja. Wa Kigoma mjini walikwepa hata kuitwa wakimbizi. Walioa na kuolewa, walijitambulisha kwa wakati mmoja kama Waislamu, kwa wakati mwingine kama Waha, au kama watu wa Kigoma tu, na hawakuona ulazima wa kuchagua.

Tafakari maana yake. Watu wa asili moja, waliokimbia janga moja katika mwaka mmoja, waliishia kuwa na aina mbili za jamii, na kilichotofautisha ni jinsi walivyopangwa na dola na mashirika ya misaada. Taifa lililo thabiti kabisa, lile ambalo Durkheim angelitambua mara moja, lilitengenezwa ndani ya makazi ya wakimbizi. Mchanganyiko ambao Urry angeusifu kama dalili ya karne ya 21 ulikuwa ukiendelea katika mitaa ya Kigoma ya Mwanga na Ujiji, kimyakimya, kabla ya intaneti. Mambo hayo mawili hayafuatani kama zama. Yalikuwapo siku moja, ndani ya nchi moja.

Yaliyofuata yanaongeza uzito. Mwaka 2014 serikali ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa takriban watu 162,000 wa kundi hilo la 1972 na watoto wao, hatua ambayo ni nchi chache sana duniani zimewahi kuichukua kwa ukubwa huo. Lakini mpango wa awali ulitaka waondoke kwanza katika makazi yao na kutawanywa katika mikoa mbalimbali, kana kwamba mtu hawezi kuwa sehemu ya jamii ya Tanzania mpaka avunjwe kutoka katika jamii aliyonayo. Sharti hilo liliachwa baadaye, na ilikuwa vyema. Upande wa pili, wakimbizi waliokuja baadaye, Wakongo walioanza kufika kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 na Warundi wa mwaka 2015, wamewekewa utaratibu wa kutovuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Wakati huohuo Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo tangu mwaka 2022, jumuiya ambayo itifaki yake ya soko la pamoja inazungumzia uhuru wa watu kusafiri na kufanya kazi. Mfanyabiashara wa Bujumbura na mkimbizi wa kutoka Bujumbura wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja akakutana na Tanzania tofauti.

Wenyeji hawajaachwa nje ya jambo hili. Wakazi wa Kigoma wamelalamika kwa miaka mingi, bungeni na kwenye mikutano, kwamba wao huulizwa zaidi kuliko wengine kuthibitisha uraia wao wanapotafuta kitambulisho cha taifa kinachotolewa na mamlaka ya NIDA, huku majina, lafudhi na makaburi ya mababu yaliyoko ng'ambo yakigeuka kuwa ushahidi dhidi yao. Jambo hilo halihusu heshima tu. Tangu Januari 2020 laini ya simu ambayo haijasajiliwa kwa alama za vidole inapaswa kufungwa, na usajili huo unahitaji namba ya NIDA. Asiye na namba hana laini, asiye na laini hana pesa za simuni, na asiye na pesa za simuni yuko nje ya mchango, mkopo na malipo. Ule mtandao unaosemekana kuwa umeipita dola unaanzia kwenye dawati la afisa usajili. Castells anaweza kusamehewa kwa kutoliona hilo akiwa California. Sisi tunapanga foleni hapo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema jamii imeyeyuka, na sikubaliani pia na wanaofundisha jamii ya Tanzania kana kwamba mwaka 1961 ulimaliza suala. Tunahitaji kipimo kinachoweza kuona vyote viwili, kuunganishwa na kukatwa, na ninapendekeza tukitafute katika tofauti kati ya kuathiriana na kuwajibika.

Indonesia iliposimamisha mauzo ya nje ya mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili 2022, kwa muda wa wiki chache tu, soko la mafuta ya kula duniani lilitikisika, na Tanzania, inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake, haikuwa kisiwani. Muuza maandazi wa Mwandiga, anayeishi mkoa wenye michikichi kuliko wowote nchini, aliunganishwa na wizara iliyoko Jakarta kwa uhusiano ulio halisi kabisa. Lakini hakuwa na lolote la kuidai wizara hiyo. Hakuna mkutano ambao angeweza kusimama na kuuliza, hakuna kura, hakuna aibu ambayo waziri wa huko angeiona kwa sababu yake. Mwanasosholojia Niklas Luhmann angesema kwamba wote wawili wamo katika jamii moja ya dunia, kwa kuwa mawasiliano yamewafikia. Mimi naona hapo tumelegeza neno mpaka halishiki kitu. Kuathiriana ni jambo la dunia nzima. Jamii huanza pale ambapo mtu anaweza kutoa dai, na anayedaiwa akaona kwamba ni lazima ajibu, hata kama jibu lenyewe ni la kukwepa.

Tukikitumia kipimo hiki, ramani inabadilika kutegemea jambo linalohusika. Mzee akifariki Ujiji, taarifa hupita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ndani ya saa chache walioko Uvira, Bujumbura, Kariakoo na katika miji ya Marekani walikohamishiwa maelfu ya wakimbizi wa Nyarugusu wanajua kiasi wanachotarajiwa kutoa. Asiyetoa ataulizwa. Majina yanaandikwa, pengo linaonekana, na msiba wake utakapofika naye atakumbukwa kwa kadiri alivyotoa. Hiyo ni jamii kwa maana kali kabisa ya Durkheim, yenye shuruti na adhabu, ila haina nchi. Ukiligusa suala la ardhi, ukoo huohuo unakatika vipande: aliyeko Kasulu atadai kwa mwenyekiti wa kijiji na baraza la ardhi, na binamu yake wa Makamba, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, hana mlango wa kubisha hapa, hata kama babu yao alilima pande zote mbili.

Suala la ziwa ndilo gumu na lenye kufundisha zaidi. Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya nchi 4, Tanzania ikiwa na takriban asilimia 41 ya eneo lake na Kongo asilimia 45, na sehemu iliyobaki ikiwa ya Burundi na Zambia. Dagaa na migebuka hutembea kwenye maji yote, na soko lao ni pana vilevile: samaki wa ziwa hili wamewalisha wachimbaji wa shaba wa Katanga na Kopabelti kwa vizazi kadhaa. Nchi hizo 4 zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja mwaka 2003, na baada ya miaka ya kulalamikia kupungua kwa samaki, mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Katika makala nyingi tukio hilo husimuliwa kama suala la mazingira. Kwa mwanasosholojia ni jaribio la kuanzisha jamii mpya kwa amri, jamii ya watu wa ziwa, ambamo mvuvi wa Katonga, Kigoma, anaombwa kujinyima kwa imani kwamba mvuvi wa Kalemie, Kongo, na wa Rumonge, Burundi, naye amejinyima.

Imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa mwaloni, kuliko samaki wenyewe. Je, wenzetu wa ng'ambo wamefunga kweli, au tunawatunzia? Swali hilo ni la kijamii kuliko yote, kwa maana linahusu kama kuna mtu wa kuulizwa. Na jibu lilikuwa nusu: katazo lilikuwa la ziwa zima, lakini dai lilibaki la nchi. Mwanamke anayeanika dagaa Kibirizi, aliyekopa kwa kutegemea msimu, aliweza kumfuata diwani wake, mkuu wa wilaya yake na mbunge wake. Hakuweza kumfuata waziri wa Bujumbura wala gavana wa Kalemie, ingawa uamuzi uliomkosesha kipato ulikuwa pia wa kwao. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura ni chombo cha serikali zinazozungumza na serikali. Wajibu umepanuliwa hadi kwenye ufuo wa mwisho, na haki ya kuuliza imebaki pale ilipokuwa.

Atatokea wa kusema kwamba kwa njia hii nimeivunja jamii vipande visivyo na idadi, kila suala na jamii yake, na kwamba serikali au tabaka haviwezi kuonekana tena kwa ujumla wake. Ni pingamizi la maana. Jibu langu ni kwamba ujumla upo, ila unapaswa kuonyeshwa katika utafiti badala ya kudhaniwa tangu mwanzo. Dola la Tanzania linaonekana kuwa na uzito wa pekee katika mifano yote niliyoitaja kwa sababu madai mengi, ya ardhi, ya laini ya simu, ya fidia, ya kutoka kambini, yanapitia mlango wake, na si kwa sababu limechorwa kwenye ramani. Hata mambo ya mbali huja kwa mlango wa dola fulani. Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, kaya za Nyarugusu zilizokuwa zimekwisha kufanyiwa mahojiano zilikwama kwa saini ya rais mmoja. Mwenye kuuita huo mwendo usio na mipaka ana namna yake ya kuzitumia lugha.

Lipo pia jambo la kisiasa ambalo wanaotaka kuiacha dhana ya jamii hulipita haraka. Mwaka 1987 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alisema katika mahojiano kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii, kuna wanaume na wanawake binafsi na familia zao. Wanasosholojia walimcheka. Miaka 13 baadaye baadhi yao wakafikia maneno yanayokaribiana na hayo kwa njia ya nadharia. Mahali ambapo watu wanadai shule, barabara na maji kwa jina la kuwa sehemu ya jamii moja na watu wa Dar es Salaam, na Kigoma imelidai hilo kwa miongo mingi ya kuwa mwisho wa reli, kuwaambia kwamba jamii hiyo ni dhana iliyochakaa ni kuwapokonya hoja waliyonayo.

Kwa watafiti wetu mabadiliko yanayohitajika ni ya kazi za mikono zaidi kuliko ya nadharia. Tasnifu nyingi kuhusu mkoa huu huanza kwa kuchagua kata, kuomba daftari la wakazi na kuchukua sampuli, kisha hueleza maisha ya jamii ya Waha au jamii ya wavuvi kutokana na waliokutwa nyumbani. Sensa ya Agosti 2022 nayo iliwahesabu watu pale walipolala, ikaupa mkoa karibu watu milioni 2.5, na kwa kupanga madarasa na zahanati utaratibu huo unafaa. Lakini anayelala Kalemie wiki mbili za kila mwezi, anayelima ng'ambo ya Manyovu, na anayelipa ada ya mdogo wake kutoka ughaibuni, wote wanatoka nje ya sampuli, na pamoja nao inatoka nusu ya maelezo ya kwa nini kaya fulani imejenga na jirani yake amekwama. Ni afadhali mtafiti achague jambo, mkopo mmoja, msiba mmoja, ugomvi mmoja wa ardhi, afuate nani alimdai nani na nani alijibu, na aache mipaka ya jamii ijitokeze mahali ambapo madai yanakoma kusikilizwa.

Reli ya kisasa ya kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye nikeli ya Burundi, itakuwa mtihani wa karibu kabisa wa mambo haya. Orodha za watakaopisha ujenzi zitaandikwa kijiji kwa kijiji, upande huu kwa sheria ya ardhi ya Tanzania na upande ule kwa sheria ya Burundi, na kila orodha itakuwa kamili kwa nchi yake. Mto Malagarasi unazipitia nchi zote mbili, na zipo familia zenye mashamba pande zote mbili za mpaka. Vyuo vyetu bado vina nafasi ya kuanza kuwauliza watu hao, kabla wathamini hawajafika, ni kwa nani wanategemea kudai, na ni nani wanayemtambua kuwa ana haki ya kuwadai wao.